Saa Sita ya Wapi

Swaumu mwanangu,

Amani ya Mola ikutangulie huko unakokwenda, na nyingine kidogo ibaki nyuma kwa ajili yetu.

Sanduku limeshafungwa. Baba yako amelikalia mara mbili ndipo zipu ikakubali. Sitaandika habari ya dawa kukaa kwenye baridi, wala ya biskuti za kuweka mfukoni, wala ya kumwonyesha matroni wa bweni karatasi ya daktari siku ya kwanza. Hayo unayajua kunishinda, na mengine ni wewe uliyenifundisha. Ninaandika jambo moja tu usilolijua. Nimelinyamazia miaka tisa. Kesho baada ya Alfajiri unapanda ndege kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko Morogoro, kidato cha tano, peke yako na sindano zako. Nikikuacha uondoke bila kukwambia, nitakuwa nimekupakilia mzigo usio wako, na utaubeba mpaka uzeeni ukidhani ulizaliwa nao.

Ni habari ya paka.

Kila mgeni aliyewahi kukaa kwenye busati letu hapa Baghdadiyah, Jeddah, amekisikia kisa hicho. Kwamba ulipokuwa na miaka minane, ulipotoka hospitali siku ile ya kwanza ya ugonjwa wa sukari, ulimpa paka mkate wako dirishani badala ya kuula, na sukari ikakushuka, ukaponea chupuchupu. Wageni hucheka, na wewe hucheka nao. Halafu unakwenda kuosha sahani ambayo haina hata punje ya wali.

Swaumu, haikuwa paka. Ilikuwa mimi.

Nianzie Riyadh, maana kosa langu lilikuwa limeanza kabla hujaumwa. Tulipofika kumfuata baba yako ulikuwa na miaka saba na miezi. Ikama yako, kile kibali cha kukaa nchini, ilichelewa, na shule haziandikishi mtoto asiye na ikama. Baba yako akasema, "Mfundishe nyumbani kwa muda, mama Swaumu." Mimi, mtoto wa Pangani, darasa la saba, niliyetoka dawatini nikaingia jikoni. Nilikubali kwa sababu niliona haya kukataa.

Asubuhi tulisoma Kurani, na hapo nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu. Ikija hesabu nilikuwa nazama. Utakumbuka siku uliyouliza robo na theluthi ipi kubwa. Nilikupiga mkononi kwa rula nikakwambia, "Hukuambiwa uulize, umeambiwa unakili." Sikuwa najua, mwanangu. Nilijua nne ni kubwa kuliko tatu, kwa hiyo pengine robo ndiyo kubwa, na pengine siyo. Ikawa rahisi kukupiga kuliko kusema sijui. Ulinywea, ukanakili. Tangu siku ile hukuniuliza tena swali la hesabu, na mimi nikaona hiyo ndiyo adabu.

Basi kampuni ilipomhamisha baba yako kuja Jeddah, nilihama na tabia hiyo ndani ya mizigo.

Tulikuwa na miezi miwili hapa ulipoanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Nikasema ni joto. Ukaanza kukojoa kitandani, mtoto mkubwa. Nikakusema mbele ya baba yako. Ukakonda mpaka gauni la Idi likawa linakuvuka mabegani. Baba yako ndiye aliyesema, "Huyu mtoto anaumwa," akakubeba kwenda hospitali, na huko wakatuambia ni sukari. Ulilazwa siku tano. Siku ya nne baba yako akaitwa Riyadh, kwenye jengo jipya ambalo viyoyozi vyake vilikuwa vimegoma, na hakuweza kukataa. Kwa hiyo siku ya kutoka nilikuwa peke yangu.

Nesi aliyetupa ruhusa alikuwa na wagonjwa wengine wanne wanamngoja. Alizungumza Kiarabu, haraka. Aliponiona nimekaza macho aliniuliza kama nitasubiri mpaka jioni, kuna nesi Mkenya anaingia zamu, atanieleza kwa lugha yangu. Hapo ndipo penyewe, Swaumu. Mlango ulikuwa wazi, nikaufunga kwa mkono wangu. Nilisema hakuna haja, Kiarabu ninakijua. Nilikuwa nimehitimu Kurani mara tatu. Nikajiambia, mtu anayesoma maneno ya Mola atashindwaje na maneno ya sindano? Tena nilitaka kufika nyumbani kabla ya Magharibi.

Akanionyesha kwenye karatasi tarakimu ninayoijua tangu chuoni, sita ya Kiarabu. Akainua vidole.

"Sitta, sitta. Sindano, nusu saa, kisha chakula. Fahimti?"

"Aiwa," nikasema. Nimefahamu.

Sita na sita, na katikati kumi na mbili. Kila kitu kilikaa sawasawa kichwani mwangu: saa sita mchana na saa sita usiku. Kwetu saa sita ni jua la utosi, au ni usiku wa manane. Kwao sitta ni jua likitoka na jua likizama, ile ambayo sisi tunaiita saa kumi na mbili. Utasema, mama, ulikuwa umekaa nchi hii miezi kumi, hukujua? Nilijua kama mtu anavyojua jina la mtaa asioupita. Humu ndani tulizungumza Kiswahili. Mambo ya nje alikuwa nayo baba yako. Saa yangu mimi ilikuwa adhana.

Jioni ile Magharibi ikapita, sikukudunga. Baada ya Isha nikakupa maharage na mkate, nikakuacha jikoni. Huko ndiko ulikompa paka wa jirani nusu ya mkate. Nusu ya mkate, mwanangu, basi. Saa sita usiku nikaamka, nikakudunga ukiwa usingizini, hukugutuka hata kidogo. Nikajiona mama hodari. Lile neno la chakula baada ya nusu saa nililikumbuka, nikalijibu mwenyewe: mtoto ameshakula, nimwamshe wa nini.

Nilipotoa salamu ya Alfajiri nikasikia meno yanasagana.

Ulikuwa umejikunja, umelowa jasho mpaka godoro, macho yako yameangalia juu bila kuona. Nikakuita. Mkono wako ukaanza kuruka peke yake, halafu mwili mzima. Mimi nikasema ni degedege. Nikakushika kichwa nikasoma Ayatul Kursi, nikakunyunyizia maji, nikasoma tena. Sikumbuki ni mara ngapi. Sijutii kusoma, Swaumu, na usimruhusu mtu akwambie kuwa dua haikufaa kitu siku ile. Ninajutia kwamba nilisoma mlango ukiwa umefungwa.

Nilipoufungua nilikuwa sina hata viatu. Ami Saleh, yule mzee wa Kiyemeni aliyekuwa akilinda jengo, alikuwa anarudi kutoka msikitini. Aliona sura yangu akapanda ngazi bila kuuliza. Aliposimama juu yako nikasema neno moja tu nililokuwa nalo: "Sukkari."

"Sindano amepigwa?"

"Amepigwa."

"Asal," akasema. "Asal, dada yangu, upesi."

Asali. Neno hilo kwao na kwetu ni moja, halikunipoteza. Akaniambia nisikunyweshe, nikupake kwa kidole ndani ya shavu, kwenye fizi, kidogo kidogo, nikulaze ubavu. Mama yake alikuwa na ugonjwa huo huo kijijini kwao, ndiyo maana alijua. Nikapaka, ukakiuma kidole, bado nina alama. Yeye akashuka kusimamisha teksi. Akakaa mbele na dereva, sisi nyuma, na njia nzima alikuwa akimhimiza "yalla, yalla" kwa sauti ya chini kama mtu anayevuta uradi.

Hospitalini walikuchukua mikononi mwangu kabla sijamaliza kusema. Wakakuwekea dripu. Baada ya muda, ambao mimi nauona mpaka leo kama mwaka, ukafumbua macho ukasema una njaa.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Daktari akaja na karatasi.

"Sindano, saa ngapi?" akaniuliza kwa Kiarabu.

"Sitta," nikajibu.

"Sitta?"

"Sitta."

Akaandika. Mimi nimesema saa sita usiku, yeye amesikia saa kumi na mbili jioni, na wote wawili tumeridhika. Akauliza, "Alikula?" Nikasema alikula. Ndipo wewe, na sauti yako imekauka, ukasema kwa Kiswahili:

"Mama, mimi nilimpa paka mkate."

"Anasema nini?" akauliza daktari.

Nikamfasiria. Yule daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akakutikisia kidole, akasema paka wa Jeddah wamenenepa vya kutosha. Kisha akageukia karatasi yake. Sindano saa sahihi, mtoto hakushiba, na pengine dozi nayo ni kubwa kwake. Akakata dozi nusu. "Halas," akasema, yamekwisha, akaenda zake.

Nilishusha pumzi. Nikampigia baba yako Riyadh nikamwambia: alimpa paka chakula. Alilia kwenye simu, halafu akacheka. Kisa kikazaliwa hapo hapo.

Mpaka dakika ile, wallahi, sikuwa najua kosa langu. Nataka uliamini hilo. Nililijua saa moja baadaye.

Nesi Mkenya aliingia zamu ya asubuhi siku hiyo. Ndiye Sista Mumbua, mtu wa Machakos, ambaye wewe unamkumbuka kwa pipi zisizo na sukari. Alikuwa anakupima, nami nimesimama upande wa pili. Nikamuuliza, kwa furaha kabisa ya kusikia Kiswahili:

"Sista, sasa hii ya mchana ndiyo nitampa nusu?"

"Ya mchana gani?"

"Ya saa sita."

Akaacha kufanya alichokuwa akifanya. "Mama Swaumu, hebu rudia pole pole. Jana ulimdunga saa ngapi?"

"Saa sita."

"Saa sita ya wapi?"

Sikuelewa swali. Nikasema, "Saa sita. Usiku."

Akakaa ukingoni mwa kitanda chako. "Hapa sita ni kumi na mbili yetu," akasema. "Jioni. Kabla ya chakula cha jioni." Akanitazama, akanivuta mkono nikae. "Hata mimi hiyo maneno ya saa ilinichezesha. Wiki ya kwanza dereva wa basi aliniambia sitta. Nikamngojea saa sita mchana, nimevaa uniform, nimejipaka mafuta. Basi lilikuwa limekuja asubuhi na likarudi." Alitaka nicheke. Sikuweza.

"Kwa hiyo ni mimi," nikasema.

"Ulimdunga akiwa amelala, na hakula kitu baadaye. Hata angemaliza mkate mzima jioni, ingemshuka tu."

"Na paka?"

"Mama, achana na paka."

Akasimama. Akasema lazima amwambie daktari sasa hivi, kwa sababu daktari amekata dawa nusu kwa habari isiyo ya kweli, na ukirudi nyumbani na nusu, sukari itapanda na utarudi hapa hapa kwa mlango mwingine. Nikamshika mkono. "Si uongo, sista. Sikudanganya."

"Najua hukudanganya. Lakini huu mwili wake mdogo hauna njia ya kujua hukudanganya."

"Baba yake je? Utamwambia?"

"Hiyo ni yako." Akakuelekezea kidevu, ulikuwa umelala tena. "Na ni ya huyu pia."

Daktari alirudi, akasikiliza, akafuta alichoandika. Hakunigombeza. Pembeni ya tarakimu akachora jua dogo linatoka na jua dogo linazama, akanipa. Ningeomba anigombeze. Mtu akigombezwa hulia yakaisha.

Ulipoamka swali lako la kwanza lilikuwa hili: "Mama, ni kwa sababu ya ule mkate?"

Sista Mumbua alikuwa pale, anakunja shuka. Alikunja taratibu sana. Alikuwa ananipa nafasi, nami nilijua. Nikafungua kinywa. Nikasema, "Lala, mama, usijichoshe."

Walikuzuia siku nne nyingine, na siku hizo nne ndizo zilizokuwa shule yako, na yangu. Mumbua hakuniruhusu tena kusema "aiwa". Kila alichonieleza alisema, "Nirudishie." Nami nilipaswa kumrudishia neno kwa neno, na nikikosea alianza upya bila kununa. Wewe ukaona ni mchezo, ukaanza kunisahihisha kutoka kitandani.

Alileta sahani ya karatasi, akachora saa. Duara la nje saa zao, duara la ndani saa zetu. Akakuuliza: tatu yao ni ngapi yetu? Nami nikawa nahesabu kwa vidole chini ya baibui, natoa sita, napotea. Wewe uliitazama tu.

"Ni ile inayotazamana nayo," ukasema. "Tatu inatazama tisa. Sita inatazama kumi na mbili. Huna haja ya kutoa, mama. Unavuka tu."

Miaka thelathini na tano nimetumia saa, sikuwahi kuliona hilo. Nilisema, mbele ya mgeni, neno ambalo rula yangu ya Riyadh ilikuwa inalikimbia: "Sikujua. Nionyeshe tena." Ulinitazama kama uliyeona mtu mpya ameingia chumbani.

Siku ya pili akatupa bomba la sindano lisilo na sindano, na kikombe cha maji. Ulivuta robo, ukamwaga. Ukavuta theluthi. Ukaliinua kwenye mwanga, ukasema, polepole, kama anayeogopa mkono wangu, "Theluthi ndiyo kubwa, mama. Umeona?" Niliona. Nilikwenda chooni nikalia nikarudi.

Tuliporudi nyumbani sikufundisha tena kitu nisichokijua kwa kujifanya ninakijua. Vipimo vyako tuliviandika kwenye karatasi ya miraba mlangoni mwa kabati la jikoni, na ukajifunza kuchora grafu kabla ya watoto wa shule. Kasha la dawa lilikuwa na Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, tukaweka Kiswahili chetu katikati. Tulipima mchele kwa kikombe, tukahesabu tende. Uliniuliza maini yako wapi, nikasema sijui, tukanunua ya kondoo tukayapasua kwenye sinia. Baba yako aliporudi alikuta mke wake na mwanawe wanabishana juu ya kongosho. Akasema, "Nimewaacha watu wawili, nimekuta madaktari wawili." Hiyo ndiyo shule iliyokufikisha kwenye mitihani ya kujitegemea, na cheti kile kikaja na alama ambazo sikuwahi kuziona kwenye ukoo wetu. Watu wananisifu kwa hilo. Wanasema nimegeuza msiba kuwa darasa. Na mimi huinamisha kichwa, wanadhani ni unyenyekevu.

Kwa sababu ndani ya shule hiyo hiyo kuna daftari moja. Mwezi wa kwanza nilikwambia uandike insha kwa baba yako. Ukaandika ukurasa mzima. Kichwa cha habari ukaweka "Kosa Langu". Ulieleza mkate, dirisha, paka, na jinsi ulivyomwumiza mama. Uliandika "nilimupa". Nikachukua kalamu nyekundu, nikaikata ile u, nikaandika juu yake "nilimpa". Nikakupa nane kwa kumi.

Nilisahihisha herufi, Swaumu. Maneno nikayaacha.

Ningeweza kukwambia nilimwogopa baba yako, na ni kweli kwa mwezi mmoja wa kwanza. Niliogopa atasema nirudi Pangani, kwamba siwezi kulea mgonjwa ughaibuni. Baada ya hapo sikuwa na hofu tena, nilikuwa na mazoea. Kisa kilikuwa kinachekesha. Kila nilipokisimulia kilikuwa rahisi zaidi kuliko mara iliyopita.

Lakini nilikuwa naona. Niliona unavyolamba sahani. Niliona ulivyompiga paka jiwe ukiwa na miaka tisa, wewe ambaye hukuweza kumkanyaga sisimizi. Ulipofika miaka kumi na moja daktari alikukataza kufunga Ramadhani, nawe tumekuita Swaumu kwa sababu ulizaliwa ndani ya mfungo. Ulikaa nyuma ya mlango ukaniambia, "Mungu amenikataza kwa sababu nilitupa neema yake." Nilikupapasa mgongo. Nikasema Mola ni mwingi wa kusamehe. Nikakuombea msamaha wa dhambi yangu, na wewe ukaitikia amina.

Na mwaka jana ukamwambia baba yako sebuleni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja umri wake, "Mimi nilishajiua mara moja, sitarudia." Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nilifungua bomba maji yatoke kwa kishindo, nisisikie atakachojibu.

Kumlisha paka ni sadaka. Ulikuwa mgonjwa, umetoka hospitali siku hiyo hiyo, una njaa, na ukamgawia kiumbe nusu ya mkate wako. Ilikuwa thawabu yako, mimi nikaiita kosa kwa miaka tisa na kuwachekeshea wageni.

Huko unakokwenda saa zimerudi kuwa zetu. Mashine zao nazo zinahesabu sukari kwa kipimo kingine, mia moja na nane ya hapa ni sita ya kwao. Sita ya Morogoro ni mtu mzima wa afya, sita ya hapa ni jeneza. Wewe hilo ulishalipigia hesabu, nilikuona unagawanya kwa kumi na nane, sina wasiwasi nalo. Wasiwasi wangu ni mwingine. Siku moja mtu mzima, mwenye koti jeupe au mwenye funguo za bweni, atakosea. Wewe utakuwa umelala kitandani unatafuta ulichokosea wewe. Nimekulea hivyo. Nimekufundisha kwamba likitokea jambo mwilini mwako, uanze kujipekua. Sitaki uwe mtu wa kulaumu wenzako, hapana. Lakini waambie wakurudishie walichosema. Waulize ya wapi. Na wakinuna, uliza tena, hata mimi nikiwa ndiye ninayenuna.

Baba yako nimemwambia leo baada ya Alasiri, alipokuwa anafunga kamba ya sanduku.

Aliiachia kamba. Kisha akasema, "Miaka tisa, mama Swaumu?"

"Miaka tisa."

"Mtoto anajua?"

"Ninamwandikia. Nitaiweka kwenye mfuko wake wa dawa, aikute ndani ya ndege."

Akaendelea na kamba yake. Nikadhani ameridhika. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Ndipo akasema, "Akiisoma huko juu, atamkasirikia nani? Kiti cha mbele?"

Nimekaa na neno hilo tangu wakati huo. Nilikuwa nimepanga ukweli wako uufikie mimi nikiwa mbali, mlango ukiwa umefungwa, wewe umefungwa mkanda, na simu imezimwa. Hata kukiri nilikuwa nimekupangia kwa urahisi wangu.

Kwa hiyo karatasi hizi sitaziweka kwenye mfuko. Nasikia bado unapanga vitabu chumbani kwako. Nitakuja nazo sasa, nikae chini kwenye mkeka usome mbele yangu mpaka mwisho, na ukiwa na la kuniambia, uniambie nikiwa bado ninaweza kulisikia. Na usipokuwa nalo, nitakaa tu.

Nabisha hodi.

Mama yako